Vumbi la Masika

Saa kumi na moja, Isevya bado giza.
Mvua ya usiku imeacha matone
yanayodondokea sufuria niliyoitega,
moja, kimya, halafu mawili kwa pupa.
Nimemeza mate. Koo limenijibu.

Si ugonjwa wa kulazwa.
Ingekuwa malaria ningeijua, tumezoeana,
ingeniangusha bila kuniomba ushauri.
Hiki ni kidogo: kichwa kizito upande mmoja,
mafua, viungo kama vya mtu aliyemlimia jirani,
na joto ambalo mkono wangu haulioni
kwa sababu mkono nao una joto.
Ni homa ya kumwuliza mtu: wewe waonaje?
Na mtu mwenyewe ni mimi.

Kule kiwandani (tunakiita kiwanda,
ni ghala la zamani la tumbaku lililopigwa chokaa)
pameandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu:
MWENYE KIKOHOZI HARUHUSIWI KUGUSA ASALI.
Ndani, mezani, pana daftari.
Asiye na jina kwenye daftari hana elfu nane.
Mlango na daftari havijawahi kuonana.

Nane, basi. Naigawa macho yakiwa darini:
tatu za unga,
mbili za mtihani wa Mihayo, zimechelewa wiki,
moja ya mkaa,
moja na nusu deni la Mama Tatu gengeni,
mia tano ya nauli, ambayo huitembea kwa miguu.
Kikohozi kinavuruga hesabu.
Naanza tena na unga.

Dada yangu Nyamizi kageukia ukutani,
anasema bila kufumbua macho:
"Lala. Kazi haina shukrani."
Shukrani sikuiomba. Naomba siku.

Cha kuchekesha, chupa tunazojaza
zina karatasi iliyoandikwa: Husaidia kikohozi.
Gundi ilipokwisha juzi
tulizibandika kwa ulimi.

Na aliyeniambukiza namjua. Nsungwa
alikuja Jumatatu macho mekundu,
akajaza chupa mdomo kaufumba,
machozi yakimtoka kwa kukibana kikohozi.
Sikumshtaki. Nilimpa leso.
Leo nikienda, leso atanipa nani,
na huyo kesho atajiuliza nini kitandani?
Kashindye ana mtoto wa miezi miwili.
Kashindye hukaa kushoto kwangu.

Hapo nikajifunika tena.
Dakika tatu, labda nne.
Halafu nikamsikia Mihayo uani
anapaka viatu masizi ya sufuria,
viatu ambavyo soli ilishaaga,
anapaka juu tu, panapoonekana.

Nikaamka.
Tangawizi, chumvi, kanga ya pili mabegani.
Chooni nikafanya mazoezi ya sauti:
"Mwangaluka." Mbaya.
"Mwangaluka." Inapita.

Getini Bwana Kapela, kalamu sikioni,
aliitikia vizuri, akangoja,
na koo likanisaliti pale pale.
"Unaumwa?"
"Vumbi," nikasema.
Akatazama tope lililopanda ndara zangu hadi vidoleni.
Akatazama maneno mekundu mlangoni.
Kisha akaniandika upande wa ndoo,
kule nje, kwenye maji baridi, peke yangu,
ambako siku ni elfu sita.

Nikasema asante, na niliimaanisha.
Kupitia dirishani nilimwona Kashindye
akitandaza kitenge chake hadi kwenye nafasi yangu.
Nikakunja mikono ya gauni,
nikatafuta elfu mbili za kutoa.
Mkaa? Na huo unga utaiva kwa nini?
Maji yakanishika vidole.
Nikaanza tena na unga.